Tableti inajua ulipo, haijui kilicho chini ya boti

Haya wasomaji, leo tuache habari za kompyuta za ofisini, twende ziwani. Najua kuna watakaoniuliza: wewe unaandika programu Kitale, wiki nyingine uko Bungoma, mambo ya boti yanakuhusu nini? Kweli, hatuna bandari. Lakini omena unayonunua soko la Bungoma imetoka Ziwa Victoria, na samaki wakavu wanaofika Kitale kwa barabara ya Lodwar wametoka Ziwa Turkana. Tena angalia ramani vizuri. Mlima Elgon unamwaga maji pande mbili. Mto Suam unashuka kaskazini, unageuka kuwa Turkwel na kuishia Turkana. Mito mingine inaingia Nzoia, ambao unapita Webuye na kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Sisi tuko katikati ya maziwa mawili, hata kama hatuyaoni.

Swali la leo nimeletewa na wenye boti wawili wa Budalang'i wanaouza samaki Bungoma. Wameona mtandaoni kwamba wazungu wenye mashua siku hizi hawanunui chatiplota, yaani ile mashine inayofungwa kwenye boti kuonyesha ramani ya majini na mahali chombo kilipo. Wanatumia tableti tu. Wakaniuliza: je, na sisi tunaweza? Na wewe fundi, unaweza kutuandikia programu?

Jibu langu ni kwamba tableti inaweza. Ramani ndiyo haijawa tayari. Na hilo la pili ndilo linaloweza kuua mtu.

Tuanze na tableti. Watu wengi wanaamini kwamba bila bando hakuna GPS. Si kweli. Kipokezi cha GPS husikiliza setilaiti moja kwa moja, hakihitaji mnara wa simu. Mtandao unasaidia tu kupata mahali haraka unapowasha, na kushusha picha ya ramani. Jaribu mwenyewe: hifadhi ramani kwenye kifaa, toa laini, panda matatu Kitale. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kile kidoti kinakufuata Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye mpaka Bungoma bila senti ya bando. Ziwani ni rahisi zaidi, maana hakuna majengo wala miti ya kuziba anga.

Usahihi nao si tatizo tena. Zamani Marekani ilikuwa ikichafua kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Clinton aliamuru uchafuzi huo ukome. Leo simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kama mita 5 hivi. Boti ya mbao ya wavuvi yenyewe ina urefu kuliko hizo.

Programu pia zipo. OpenCPN ni programu huria iliyoanza mwaka 2009, ipo ya kompyuta na ipo ya Android, na inafanya karibu kila kitu ambacho chatiplota inafanya: njia uliyopita, mwelekeo, kasi, kengele ukisogea kutoka ulipotia nanga. Kwa hiyo ndugu zangu wa Budalang'i, hamhitaji mimi niwaandikie nyingine. Dunia haina upungufu wa programu za kuonyesha kidoti.

Kuna mambo ya kifaa ya kuangalia kabla ya kutoa pesa, na wauzaji hawatakwambia. iPad isiyo na nafasi ya laini haina GPS ndani yake, kwa hiyo mtu anayeinunua kwa kazi hii amenunua kioo tu. Kioo chenye maji hakisikii kidole vizuri. Jua la mchana linafanya usione kitu. Na kwa wale wa Turkana, Apple wenyewe wanasema iPad itumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35, na Lodwar joto la mchana linafika hapo siku nyingi za mwaka. Mfuko usiopitisha maji, kivuli, betri ya akiba, na simu ya pili yenye ramani ileile: bila hivyo usianze.

Sasa tuje kwenye ramani, ambako ndiko nataka mnisikilize.

Fungua ramani yoyote ya kawaida kwenye simu yako, nenda Port Victoria, kisha sogea majini. Unaona nini? Buluu. Buluu ileile mpaka Uganda. Rangi hiyo haimaanishi kwamba maji ni marefu. Inamaanisha tu kwamba hapo si nchi kavu. Mwamba uliojificha nusu mita chini ya maji na shimo la mita 40 vina rangi moja. Ukiweka kidoti cha GPS juu ya buluu hiyo, umejua kwa usahihi mkubwa kwamba uko mahali ambapo ramani yako haisemi lolote.

Nani amepima? Waingereza walianza kulipima ziwa hili kwa ajili ya meli zao wakati reli ikifika Kisumu mwaka 1901. Upimaji wa siku hizo ulikuwa wa bildi, ile kamba yenye risasi mwishoni: unashusha, unasoma, unasogea. Kati ya kipimo kimoja na kingine kunaweza kuwa na mwamba na usiugundue. Halafu ziwa lenyewe halikutulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 yalishuka sana, na Mei 2020 yakapanda hadi kuvunja rekodi. Tofauti kati ya mwaka 2006 na 2020 inazidi mita 2. Mahali ambapo boti ilikwama mwaka ule, miaka 14 baadaye inapita bila kugusa. Kinyume chake pia ni kweli: kisiki au ukuta wa nyumba iliyofunikwa na maji hauko kwenye ramani yoyote ya zamani.

Turkana ni zaidi. Ghuba ya Ferguson, pale Kalokol, ilikuwa na samaki wengi, kisha katika miaka ya 1980 ikakauka. Baadaye maji yakarudi, na miaka ya karibuni ziwa limepanda hadi kuhamisha watu. Ramani gani utaiweka kwenye tableti kwa mahali ambapo muongo mmoja ni maji na mwingine ni mchanga?

Na mdomo wa Nzoia? Kila mvua kubwa inashusha udongo wa mashamba yetu ya mahindi, wa Trans Nzoia na Bungoma, mpaka Budalang'i. Sisi huku juu tunabadilisha sakafu ya ziwa la wenzetu kila mwaka, halafu tunataka ramani ikae vilevile.

Kuna mtego mwingine unaowahusu zaidi mafundi wenzangu. Mtu atachukua karatasi ya zamani ya ramani ya Kenya, ataipiga picha, ataibandika kwenye programu, na itaonekana safi kabisa. Karatasi hizo zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960. GPS inatumia kingine, WGS84. Kwetu hapa, namba zilezile za latitudo na longitudo katika vipimo hivyo viwili zinaangukia sehemu zilizoachana karibu mita 300. Barabarani utacheka ukiona gari lako linapita shambani. Majini usiku, mita 300 ndiyo tofauti kati ya mlango wa bandari na mawe. Kubadilisha kipimo ni mistari michache ya msimbo. Kutojua kwamba kinahitaji kubadilishwa ndiko kunakogharimu.

Msidhani haya ni matatizo ya maskini tu. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mbio iitwayo Team Vestas Wind, katika mashindano ya kuzunguka dunia ya Volvo Ocean Race, iligonga mwamba wa Cargados Carajos huku kwetu Bahari ya Hindi, kaskazini mashariki ya Mauritius. Watu wote 9 waliokuwamo waliokolewa. Walikuwa na vifaa ambavyo wavuvi wetu hawawezi hata kuviota. Mwamba ulikuwamo kwenye ramani yao ya kielektroniki, lakini ukiitazama ramani kutoka mbali haukuonekana kwa namna ya kumtisha mtu. Ulihitaji kuvuta karibu. Sasa jiulize: nani aliamua kitu gani kifichwe ramani ikitazamwa kwa mbali? Si nahodha. Ni sisi, waandika programu na wachora ramani, tumekaa kwenye viti.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu. Sitaandika programu inayopaka rangi ya kina mahali hapajapimwa. Palipopimwa paonyeshe namba na tarehe. Pasipopimwa paachwe peupe, peupe kabisa, ili nahodha ajue kwamba hapo anatumia macho, upondo na ujuzi wake kama alivyofanya jana. Wako watakaosema ramani yenye mapengo haiuziki, mteja anataka iliyojaa. Inawezekana. Lakini mvuvi aliyezaliwa Port Victoria anajua mawe ya kwao. Ukimpa kioo kinachong'aa kinachosema hakuna mawe, na kioo hicho kimekuwa sahihi siku 30 mfululizo, siku ya 31 ataanza kukiamini kuliko kichwa chake. Hapo tumempunguzia usalama kwa bei ya tableti.

Basi tufanye nini? Tupime. Kifaa kidogo cha sauti cha kutafutia samaki kinatuma mlio chini na kuhesabu muda wa kurudi, na kwa hiyo kinajua kina. Kikiunganishwa na tableti, kila safari ya kawaida ya uvuvi inaweza kuacha mstari wa vipimo. Boti 20 zikipita mwaka mzima, una ramani ambayo hao Waingereza wa bildi wangeililia. Lakini kila kipimo kiwe na mambo manne: mahali, kina, tarehe, na kimo cha ziwa siku hiyo. Kina bila tarehe, kwenye ziwa linalopanda na kushuka, ni uchafu kwenye hifadhidata.

Pia data nyingine zipo tayari. Jumuiya ya uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, yenye makao yake Jinja, na taasisi za utafiti za nchi tatu zimekuwa zikihesabu samaki kwa mitambo ya sauti kwa miaka mingi. Mitambo hiyo inapima sakafu ya ziwa katika kazi hiyohiyo. Vipimo hivyo vikitolewa kwa umma, katika mfumo ambao tableti inausoma, vitamfaa mvuvi kuliko programu kumi za mashindano ya vijana Nairobi. OpenStreetMap ilianza mwaka 2004, na mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao ambao kwenye ramani ulikuwa pengo. Kibera imechorwa na wakazi wake. Kwa nini ziwa lisichorwe na wavuvi?

Na tusisahau mpangilio wa mahitaji. Ziwa Victoria hutajiwa makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka, na sababu zinazotajwa kila mara ni dhoruba, boti mbovu, kupakia kupita kiasi na kukosa jaketi za kuokoa maisha. Tableti haizuii upepo. Kama kuna kaunti au mfadhili anasoma hapa na ana bajeti ya kununua tableti za wavuvi, ushauri wangu wa bure: nunua jaketi kwanza, kisha utabiri wa hali ya hewa ufike kwa lugha ya mvuvi, kisha vipima kina. Tableti ije ya nne, tena simu kuukuu inatosha.

Kwa wenzangu wa msimbo: mkipata kazi ya ramani ya majini, muulizeni mteja swali moja kabla ya bei. Nani amepima hapa, na lini? Akishindwa kujibu, basi kazi ya kwanza ni kwenda kupima. Wenye boti au wanaojua vipimo vilipo, maoni yako wazi hapa chini.