Maarifa ya Nyumbani: Mashine Ikinyamaza, Anza Kuuliza Karibu



Juma hili twende Tumbe, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Micheweni. Tumbe yajulikana sana kwa soko lake la samaki. Vyombo huingia, samaki hupigiwa mnada, na wachuuzi huchukua mzigo kwenda Wete, Chake Chake na mbali zaidi. Tena ni mahali pa kale mno. Wataalamu wamechimba hapo wakakuta mabaki ya mji wa karne ya 7 hata ya 10, na vigae vingi vya vyombo vilivyovuka bahari kutoka Ghuba ya Uajemi. Basi kupeleka na kupokea kutoka mbali si jambo geni pale.

Siku hizi bei za bidhaa, matokeo ya mitihani, barua za serikali, hata fedha, vyote husafiri kwa intaneti. Na hapo ndipo penye taabu tunayotaka kuizungumza. Kompyuta ya shule, ya chama cha ushirika, au ya ofisi ya parokia ilikuwa nzima jana. Leo barua haziendi wala hazifiki. Mmoja asema, "Mashine imekufa." Wa pili asema ni virusi. Wa tatu asema kampuni ya simu imetuibia. Mwisho huitwa fundi kutoka mjini. Hulipwa nauli na ujira, huchomeka waya uliokuwa umechomoka, kisha huaga. Fundi hana kosa. Amefanya kazi yake. Lakini fedha ile ingalinunua daftari za watoto.

Tuseme pana kijana wa Tumbe ambaye kila asubuhi huandika bei za mnada katika kompyuta na kuwapelekea wanunuzi wa mjini. Kijana huyu tumemtunga sisi, ila amri atakazoziandika ni za kweli. Asubuhi moja bei haziendi. Samaki hangoji fundi. Afanye nini?

Jibu letu ni moja: kosa lina mahali pake, na mahali hapo hupatikana kwa kuuliza hatua kwa hatua, kutoka karibu kwenda mbali. Usiruke hatua.

Kompyuta ya kijana wetu yatumia Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Watu wa nchi nyingi wameuendeleza, nao hutumiwa bila kulipia leseni. Tena ziko Linux nyepesi ziwezazo kufanya kazi katika mashine kuukuu, na kwa hiyo zafaa vijijini. Aina moja iliyoenea ni Ubuntu, iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kibantu, ndugu wa neno letu "utu".

Linux huweza kuulizwa kwa picha na vitufe, lakini huweza pia kuulizwa kwa maandishi. Katika Ubuntu bonyeza pamoja Ctrl, Alt na T. Litafunguka dirisha tupu lenye alama ya $, nalo lakungoja. Hapo waandika amri, wabonyeza Enter, mashine yajibu. Majibu yake ni ya Kiingereza, lakini maneno ya kuyatafuta ni machache, nasi tutayataja. Njia hii ina faida kubwa: maswali na majibu yaweza kunakiliwa daftarini neno kwa neno, au kusomewa fundi kwa simu, naye akaelewa bila kupanda gari.

Hatua ya kwanza: je, mlango uko wazi?

ip link

Mashine itaorodhesha milango yake. Ule uitwao lo ni wa kuzungumza nafsi yake, uache. Jina lianzalo na e, kama enp3s0, ni mlango wa waya. Lianzalo na w, kama wlp2s0, ni mlango wa waifai. Majina haya hutofautiana, basi tumia yale unayoyaona kwako. Tazama ndani ya alama < >. Ukiona NO-CARRIER kwenye mlango wa waya, maana yake mlango u wazi lakini upande wa pili hakuna kitu: waya umechomoka, au umekatika, au ruta imezimwa. Nenda ukautazame waya kabla ya kuandika amri nyingine. Usipoona neno UP ndani ya alama zile, mlango umefungwa. Wafunguliwa hivi:

sudo ip link set enp3s0 up

Neno sudo laomba ruhusa ya mwenye mashine, nayo mashine itataka neno la siri. Unapoliandika hutaona herufi hata moja. Usishtuke, ndivyo ilivyo, kusudi jirani asisome.

Kwa waifai, fungua hivi:

nmcli radio wifi on

Hatua ya pili: je, mashine ina anwani?

Barua haifiki kwa mtu asiye na anwani. Andika:

ip addr

Chini ya mlango wako tafuta neno inet na namba mbele yake, kama 192.168.1.23. Namba hiyo ndiyo anwani, na kwa kawaida hugawiwa na ruta mara mashine inapojiunga. Ukikosa namba, mashine haijajiunga na mtandao. Tazama mitandao ya waifai iliyo karibu:

nmcli device wifi list

Tuseme mtandao wa hapo waitwa Soko. Jiunge nao hivi:

nmcli --ask device wifi connect Soko

Utaulizwa neno la siri la waifai. Herufi kubwa na ndogo ni mbali mbali hapa: Soko si sawa na soko. Kosa hili dogo limewapotezea wengi saa nzima.

Hatua ya tatu: je, mashine yajua njia ya kutokea?

ip route

Tafuta mstari uanzao na default via, kisha namba, kama 192.168.1.1. Hilo ndilo lango la kutokea, yaani ruta yenyewe, au simu ikiwa mwatumia intaneti ya simu. Iandike namba hiyo, maana twaitaka sasa hivi.

Hatua ya nne: je, lango laitika?

ping -c 4 192.168.1.1

Amri ya ping iliandikwa mwezi wa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss. Aliita jina hilo kwa mfano wa mlio unaopigwa majini na chombo cha kupimia, ukagonga kitu, ukarudi. Mvuvi mwenye mashine ya kutafutia samaki anaijua kazi hiyo. Kompyuta yabisha hodi mara nne na kuhesabu majibu. Namba 4 usiisahau, maana bila -c 4 Linux itabisha hodi bila kukoma mpaka ubonyeze Ctrl na C. Mwisho wa majibu tafuta maneno packet loss. Ukiona 0% mbele yake, hodi zote zimeitikiwa. Ukiona 100%, hakuna iliyoitikiwa. Bando lenu msilihofie; hodi nne ni kitu kidogo kuliko picha moja ya simu.

Lango lisipoitika, kosa bado li chumbani mwenu. Izime ruta, ngoja kidogo, iwashe, kisha uulize tena.

Hatua ya tano: je, nje ya kijiji waitika?

ping -c 4 8.8.8.8

Namba hii ni ya huduma ya Google, nayo ni rahisi kuikumbuka. Lango likiitika, lakini hapa hakuna jibu, kompyuta yenu ni nzima. Kosa li mbele ya lango. Na katika vijiji vyetu sababu ya kwanza ya kuangalia ni hii: bando limekwisha. Simu huendelea kuitika hodi hata kama haina bando, ndiyo maana watu hudhani kompyuta ndiyo mbovu. Angalieni salio kabla ya kumwita mtu.

Kama salio lipo, ulizeni jirani mwenye kampuni ile ile ya simu. Naye akiwa hana intaneti, kaeni mkijua kwamba hakuna amri ya Tumbe iwezayo kutengeneza jambo hilo. Kumbukeni tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota au ikakatika katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Wapemba hawapati shida kulielewa jambo hili, kwa sababu tangu mwaka 2010 umeme wao huvuka bahari kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya maji. Waya ukiumia huko mbali, taa ya nyumbani haina dawa. Siku kama hiyo, aliyefungua kompyuta nzima na kuichokoa amejiongezea hasara juu ya hasara.

Hatua ya sita: je, majina yanajulikana?

ping -c 4 google.com

Mashine hutafutana kwa namba, lakini sisi twakumbuka majina. Basi ziko kompyuta ambazo kazi yake ni kupokea jina na kurudisha namba, kama mtu wa sokoni anayemjua kila nahodha na mahali afungapo chombo chake. Mtu huyo asipokuwepo, manahodha wapo na vyombo vipo, ila mgeni hampati amtakaye. Ndivyo ilivyo pale 8.8.8.8 inapoitika nalo jina haliitiki. Hapo kijana wetu aweza kuitaka mashine iulize majina kwingine. Kwanza aone jina la muungano wake:

nmcli connection show

Kisha, kama jina ni Soko:

nmcli connection modify Soko ipv4.dns 8.8.8.8 ipv4.ignore-auto-dns yes

nmcli connection up Soko

Mstari wa kwanza waandika badiliko, na wa pili walitia kazini. Akitaka kurudi kama zamani:

nmcli connection modify Soko ipv4.dns "" ipv4.ignore-auto-dns no

Halafu arudie tena ule mstari wa up.

Sasa, ndugu msomaji, shika tofauti moja. Amri za ip zinazobadili kitu, kama ile ya kufungua mlango, hudumu mpaka mashine itakapozimwa tu. Ikiwashwa upya zimesahauliwa. Badiliko la nmcli connection modify huandikwa na kubaki, hata mashine ikizimwa mara mia. Kwa hiyo la kwanza lafaa kwa kujaribu, na la pili kwa kuweka. Ukiwa huna hakika, jaribu kwanza. Amri ya nmcli hufanya kazi palipo na msimamizi wa mtandao aitwaye NetworkManager, naye yumo katika Ubuntu ya mezani na katika Linux nyingine nyingi.

Yako mambo matatu ya kuwaonya vijana, na wazazi wayasimamie.

La kwanza, neno la siri la sudo lisijulikane na kila mtu. Wawili wanaoaminika watosha. Neno hilo hufungua hata milango isiyopaswa kufunguliwa.

La pili, usiandike amri yenye sudo uliyopewa na mtu usiyemjua, kabla hujaelewa kazi yake. Amri ni kama dawa: usimeze kwa sababu tu chupa yake ni nzuri.

La tatu, kuwe na daftari karibu na mashine. Andikeni tarehe, amri, jibu, na namba za zamani kabla ya kuzibadili. Siku fundi akiitwa kweli, apewe daftari. Atamaliza kwa dakika kumi kazi ambayo ingalimchukua nusu ya siku, nanyi mtalipa kwa kadiri hiyo.

Turudi kwa kijana wetu. Ameandika ip link, mlango u wazi. Ameandika ip addr, anwani ipo. Amebisha hodi langoni, akaitikiwa. Amebisha hodi nje, kimya. Ametazama salio la simu: bando limekwisha usiku. Amelinunua, bei zimekwenda kabla mnada haujafungwa. Hakumlaumu mtu, wala hakupanda gari.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi twaongeza kwamba kuuliza kuna utaratibu: mlango, anwani, njia, lango, nje, majina. Vijana walio shuleni wajifunze maneno haya sita kwa moyo, kisha wawafundishe wadogo zao siku mashine ikiwa nzima. Siku ya kosa kuna kelele nyingi, na mtu hajifunzi vizuri kwenye kelele.

Kata ukurasa huu, uubandike ukutani karibu na kompyuta.