Historia Ifundishwe Mahali Pake

Si ajabu kumkuta mtoto wa Pemba anayekariri majina na miaka ya watawala wa nchi za mbali, naye hajapata kutia mguu Pujini wala Ras Mkumbuu. Hatumlaumu mtoto, wala hatumlaumu mwalimu mwenye wanafunzi waliojazana chumba kizima. Tunalosema ni kwamba somo la historia limezoea ubao mno.

Tuitazame Pujini. Hapo, kusini-mashariki ya Chake Chake, pana magofu ya ngome ambayo wataalamu wa mambo ya kale wanasema ni ya karne ya 15. Wazee humtaja mwenyewe: Mkama Ndume, mtawala mkatili, ambaye yasemekana aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Kisima chake, wanasema, kilitiwa ukuta kati ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji.

Hapo mwalimu hodari hahitaji hotuba. Awaache wanafunzi waupime ukuta kwa hatua zao, wapapase jiwe na chokaa, kisha awaulize: lipi tunaliona kwa macho, na lipi tumelipokea kwa masimulizi? Mawe yaonekana, ukatili wa mtu hauonekani. Mtoto wa miaka kumi akiijua tofauti hiyo ameanza kuwa mwanahistoria, hata kama mwaka wenyewe ataukosea katika mtihani. Jioni amuulize bibi yake, na kesho yake wenzake walinganishe hadithi walizopewa. Hapana shaka hazitafanana, na huko kutofanana ndiko kwenye somo.

Jambo hili halitaki kucheleweshwa. Mwezi Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib mjini Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Ikiwa jumba mashuhuri namna ile halikusalimika, sembuse msikiti na makaburi ya Ras Mkumbuu, yaliyoachiwa mvua na mizizi? Na wazee wenye masimulizi hawatungoji.

Kwa hiyo twaiomba Wizara ya Elimu iweke katika ratiba, kila muhula, siku moja ya kwenda magofuni. Kwa skuli za jirani gharama ni miguu na maji ya kunywa. Kwa za Micheweni itahitajika gari, na hilo ndilo la kutengewa fedha. Wanaosimamia mambo ya kale watoe mwongozaji, tena mkali, atakayewazuia watoto kupanda kuta au kuchukua vigae kwenda navyo nyumbani. Maswali ya mtihani nayo yabadilike kidogo, kwani mwalimu hufundisha kinachoulizwa.

Mipango ianze sasa. Masika yakishaingia, njia za magofuni huwa tope, na watoto wa darasa la sita watakuwa wameondoka bila ya kupaona.