Reli Imekufa, Njia Ingali Hai

Nyinyi mkaao Kalemie, Kindu ama Kamina mnajua kwamba reli si vyuma viwili na mataruma tu. Ni ardhi ndefu iliyosawazishwa kwa jasho la watu wengi. Vilima vilikatwa, mabonde yakajazwa udongo, mito ikawekewa madaraja. Maana gari la moshi haliwezi kupanda mlima kama mbuzi, na mara nyingi halipandi hata mita 2 katika kila mita 100. Je, siku gari lisipopita tena, ardhi hiyo itakuwa ya nani, na ya kazi gani? Leo nataka kuwasimulia jinsi swali hilo lilivyojibiwa magharibi ya mji wa Chicago, katika Marekani, nalo lilijibiwa kwanza na watu wasiokuwa na cheo chochote.

Tangu mwaka 1902 treni za umeme zilikuwa zikitoka Chicago mpaka Wheaton, na hapo reli ikagawanyika, tawi moja likienda Aurora na jingine Elgin. (Sisemi gari la moshi, kwani moshi haukuwamo.) Wafanyakazi waliokaa katika miji midogo ya pande hizo walizitumia kila siku. Lakini motokari zikaongezeka, na serikali ikajenga barabara pana kuelekea katikati ya mji, pale pale treni zilipopita. Basi tangu mwaka 1953 treni zikawa zinakomea Forest Park, na abiria hawakuwa na budi kushuka na kupanda nyingine. Wengi wakachoka, wakaziacha. Tarehe 3 Julai 1957, kampuni ilipopata ruhusa ya mahakama ya kuacha kuchukua abiria, iliacha mchana ule ule. Nao waliokuwa wamekwenda kazini asubuhi kwa treni hiyo hawakupata treni ya kuwarudisha nyumbani. Mizigo iliendelea kupita mpaka mwaka 1959. Mwaka 1961 reli ikaachwa kabisa, majani yakaota, na watu wakaanza kutupa takataka zao hapo.

Ndipo akatokea mama mmoja, May Theilgaard Watts. Alikuwa mtaalamu wa mimea, aliyefundisha miaka mingi katika bustani kubwa ya miti iitwayo Morton Arboretum, naye wakati huo alikuwa amekwisha kutimiza miaka 70. Mwezi wa Septemba 1963 gazeti la Chicago Tribune lilichapa barua yake. Alikuwa ameziona njia za miguu za Uingereza, ambazo raia yeyote anaruhusiwa kuzipita hata katikati ya mashamba ya wenye mali, akauliza kwa nini watu wa Chicago wasiwe na njia yao. Aliwaonya pia kwamba wenye matingatinga wameshaikodolea macho ardhi ile.

Kwa nini mtaalamu wa mimea aone uchungu kwa ajili ya reli? Sababu ni hii. Nchi ya Illinois zamani ilikuwa mbuga ya majani marefu na maua ya kila rangi. Wakulima wakailima karibu yote, hata leo imebaki sehemu ndogo mno. Lakini kandokando ya reli jembe halikufika. Hapo yale majani ya asili yaliweza kuendelea kuota, kama wazee waliosahauliwa mlangoni. Kwa sababu hiyo njia ilipopata jina iliitwa Illinois Prairie Path, yaani njia ya mbuga ya Illinois.

Barua moja haijengi njia. Waliosoma wakakutana, wakaunda chama cha watu wa kujitolea, wakaanza kwenda kutoka baraza la mji hata baraza la mji, wakieleza na kuomba. Ugumu wao ulikuwa huu, nao wanafunzi na wauangalie vizuri: ardhi ya reli ina thamani kwa sababu ni moja, haikukatika. Mji mmoja ukiuza mita 200 ili maduka yajengwe, na mji wa pili ukiziba kipande chake ili motokari ziegeshwe, kinachobaki si njia tena, ni viwanja vyembamba visivyomfaa mtu. Tena kipande kikikwisha kujengwa nyumba, hakuna atakayeweza kukirudisha. Kwa hiyo haikutosha kupatana na mabaraza mengi; kila baraza lilikuwa na uwezo wa kuikata njia nzima.

Hapo nguvu za kujitolea zilifika mwisho wake, maana wale watu hawakuwa na fedha za kununua ardhi ndefu namna ile, wala hawakuwa na amri juu ya miji. Wilaya ya DuPage ndiyo iliyokuwa na uwezo huo, nayo ilikuwa imekwisha kuipata sehemu kubwa ya ardhi. Mwaka 1966 ikakubali kuwapangisha chama zaidi ya kilomita 40. Wilaya ikabaki mwenye ardhi, ikaweza kupitisha nyaya na mabomba yake. Chama kikapata ruhusa ya kuitengeneza njia. Wakakata vichaka, wakaokota takataka, wakamwaga changarawe, wakaweka vibao. Mwaka 1971 serikali kuu iliitaja njia hiyo miongoni mwa njia za taifa za matembezi. Baadaye wilaya yenyewe ikauchukua mzigo wa kuitunza, kwani madaraja na makutano ya barabara si kazi ya jembe na fyekeo peke yake.

Hapa kwetu neno salongo linajulikana: kazi ya wote, tena iliyoamriwa. Watu wa DuPage hawakuamriwa na mtu. Wakristo watakumbuka kwamba Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kuwa si haki mamlaka kubwa kunyang'anya vikundi vidogo kazi wanayoiweza wenyewe. Wajibu wake ni kuvisaidia. Wengine husoma maneno hayo kana kwamba yanaiambia serikali ikae kando. Mimi sidhani hivyo. Kama wilaya ingalikaa kando, ile ardhi ingaliuzwa vipande vipande, na wale wa kujitolea wangalibaki na mafyekeo yao mikononi.

Lakini tusiwasahau majirani wa reli. Mahali pengi katika Marekani kampuni za reli hazikuinunua ardhi yenyewe, zilipewa haki ya kupita tu. Mkulima alitazamia kwamba treni ikiacha kupita, ardhi ya babu yake itamrudia. Mwaka 1983 sheria ikatungwa, inayoruhusu reli iliyoachwa itumike kuwa njia ya miguu na baiskeli, huku ikihifadhiwa kama akiba, ili siku moja treni ikihitajiwa iweze kurudi. Familia moja ya Vermont ikaipinga mahakamani. Mwaka 1990 mahakama kuu ya Marekani ikasema sheria ni halali, lakini wenye ardhi wanaweza kudai malipo; na mwaka 1996 mahakama nyingine ikaamua kwamba serikali iwalipe watu hao wa Vermont. Si haki kuwaita wachoyo. Njia ya wote ikipita katika mali ya mtu mmoja, gharama yake na ibebwe na wote.

Leo njia zilizotoka katika reli zilizokufa zimepita kilomita 40,000 katika Marekani. Ile ya Illinois ina karibu kilomita 100, nayo hupitwa na watoto waendao shule, wazee wenye fimbo, na wapanda baiskeli wenye haraka kupita kiasi. Mama Watts alifariki mwaka 1975. Mahali pachache, kama katikati ya Wheaton, ardhi ya reli haikupatikana yote, na mpita njia hana budi kufuata barabara ya mji kwa kitambo, kando ya motokari, mpaka aione tena changarawe.