Usikimbilie kufomati!

Wadau, kompyuta ikijizima na kuwaka tena katikati ya bekapu, ushauri wa haraka huwa: fomati. Mimi napinga. Utafuta data ileile unayotaka kuokoa!

Bekapu huzitumikisha diski na prosesa mfululizo. Pawa saplai iliyochoka au feni iliyojaa vumbi huumbuka hapo. Huku Kitale na Bungoma stima nayo hupotea bila hodi: kama balbu pia ilififia, mchawi umempata. Kama sivyo, zima mpangilio wa Windows wa kujiwasha upya baada ya hitilafu, usome namba ya kosa kwenye skrini ya hitilafu. Skrini haitokei? Shuku joto au pawa saplai.

Ikiendelea, zima mashine, chomoa diski, nakili faili kwenye kompyuta nyingine. Fomati baadaye, ukitaka.