Intaneti Isiyo na Waya Inapokatika

Twaulizwa mara kwa mara: kwa nini sura ya bibi aliyeko Unguja huganda katikati ya maongezi, ilhali ada ya intaneti hulipwa kila mwezi? Wengi hukimbilia kununua huduma ya kasi zaidi. Twawasihi msilipe kabla ya kupima. Unganisheni kompyuta na ruta kwa waya. Mambo yakitengenea, laini ni nzima. Kasoro imo katika mawimbi ya humo nyumbani. Yasipotengenea, ipigieni simu kampuni, isipokuwa kama kurasa nyingine zafunguka upesi na ni bibi pekee agandaye: hapo yamkini kasoro iko kwake.

Ama mawimbi, ruta nyingi hutoa ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali, lakini jiko la maikrowevu huyavuruga, kwani nalo hutumia masafa hayo hayo. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila hudhoofishwa na kuta. Basi ruta isifichwe nyuma ya televisheni kwa kuwaonea haya wageni; iwekwe juu, katikati ya nyumba. Aliye chumba kimoja nayo achague 5. Aliye ghorofani, 2.4.