Hadhi ya Kiswahili na Uzito wa Sentensi ya Mwanafunzi

Katika kipindi kifupi Kiswahili kimepanda ngazi kadhaa. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Novemba 2021 UNESCO ilitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakiidhinisha kuwa lugha rasmi ya kazi. Nchini Tanzania, marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hizi zimejadiliwa mno kisiasa, lakini upande wa sentensi umesahauliwa: mwanafunzi anayeandika insha leo ndiye atakayeandika hukumu, mkataba na tafsiri kesho.

Walimu wengi huelekeza wino mwekundu kwenye makosa yanayoonekana upesi, kama vile "masaa" badala ya "saa", au "swala" badala ya "suala". Ni sahihi kuyarekebisha. Hata hivyo, msomaji wa "masaa mawili" hapotezi maana. Yapo makosa mengine yanayopita bila kuguswa, ilhali ndiyo yanayoficha nani alitenda nini.

Kosa la kwanza ni kupachika kitenzi "kuweza" pasipo haja. Mazoea ya hotuba na taarifa za habari yameleta miundo kama "tumeweza kufika" kwa maana ya "tumefika". Katika insha ni upambaji tu, lakini tazama sentensi hii: "Shahidi aliweza kumtambua mtuhumiwa." Je, alimtambua, au alikuwa na uwezo wa kumtambua? Uhuru wa mtu unaweza kutegemea jibu hilo. Kama alimtambua, iandikwe "alimtambua".

La pili ni "ambapo" kugeuzwa kirejeshi cha kila kitu. Neno hili ni la mahali na wakati. Anayeandika "hati ya shamba ambapo ndugu wawili wanagombania" anamwacha msomaji njia panda. Ngeli zingemwokoa: "ambayo ndugu wawili wanaigombania" ni hati, "ambalo ndugu wawili wanaligombania" ni shamba. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi huuona kuwa mzigo wa kukariri, ndio chombo kinachoondoa utata. Katika familia hiyo hiyo limo kosa la kurudia urejeshi, "wapangaji ambao waliolipa". Muundo mmoja unatosha: "wapangaji ambao walilipa" au "wapangaji waliolipa".

La tatu ni kuchanganya "na" na "kwa" katika kauli ya kutendwa. "Na" humtaja mtenda, "kwa" hutaja kifaa: aliuawa na majambazi, aliuawa kwa risasi. Aandikaye "alipigwa na fimbo" ameifanya fimbo kuwa mtenda, na aliyeishika ametoweka katika sentensi.

La nne ni "kutegemea" kuchukua nafasi ya "kutarajia". "Mkandarasi anategemea malipo ya serikali" ina maana mbili: anayasubiri, au hawezi kuendesha kazi bila hayo. Mfasiri atakayeikuta sentensi hiyo atalazimika kubahatisha, na makisio yake yatasomwa kama maneno ya mkandarasi.

Ieleweke kwamba hoja hapa si kudharau usemaji wa mtaani wala lahaja za pwani. Mazungumzoni, sauti na mazingira huziba pengo. Anayesikiliza anaweza kuuliza. Maandishi hayana fursa hiyo.

Kwa sababu hiyo, mwalimu anaposahihisha, badala ya kuandika "kosa" pembeni, ampe mwanafunzi zoezi dogo: aiandike upya sentensi yenye utata mara mbili, kila mara kwa maana moja tu, kisha aeleze ni ipi aliyoikusudia. Mwanafunzi asiyeweza kuchagua hajamaliza kufikiri, na hapo kuna kazi zaidi ya sarufi.