Asirudishwe Akiba kwa Kosa la Siku Moja



Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana tangu Jumamosi ile tuliyofungwa mabao matatu kwa moja. Wengi wanasema winga wetu mpya wa kulia arudishwe akiba. Mimi nasema asirudishwe.

Wasomaji wote wanajua yaliyoupata mji wetu wa Mocímboa da Praia. Ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021. Watu walitawanyika, na waliorudi hawakurudi siku moja. Kwa hiyo timu yetu haikai kama timu za mahali pengine: muhula huu mtu yupo, muhula ujao amefuata jamaa zake Pemba. Hivyo ndivyo tulivyompoteza winga wetu wa zamani, na mwalimu wa michezo akamwanzisha kijana aliyezoea kuingia dakika ishirini za mwisho.

Kijana huyo alipokuwa akiingia mwisho, sote tulimshangilia. Mbio zake zilikuwa kama upepo wa kusi. Lakini siku ya kuanza alikimbia vile vile tangu filimbi ya kwanza, juu ya mchanga, jua la saa tisa. Kabla ya mapumziko alikuwa ameshika magoti. Beki wao alikwisha kuijua chenga yake, maana anayo moja tu. Watu wakaanza kumzomea.

Ndugu wasomaji, kuanza mchezo na kuumaliza si kazi moja. Anayeingia mwisho huwakuta wenzake wamechoka, naye hutoa nguvu zote bila kuweka kiasi. Chenga moja humtosha, kwa sababu beki hataiona mara ya tano. Anayeanza hana budi kugawa pumzi yake, na kuwa na chenga ya pili na ya tatu. Mvuvi anayepokea kasia karibu na ufuko asijilinganishe na aliyepiga kasia tangu alfajiri.

Tumtazame Divock Origi, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Kenya. Huko Liverpool alikuwa mtu wa akiba. Tarehe 7 Mei 2019 Salah na Firmino walikuwa wameumia, naye akaanzishwa dhidi ya Barcelona. Alifunga mabao mawili, na Liverpool ikashinda 4 kwa 0. Lakini wenye nafasi zao walipopona, yeye alirudi benchi, na katika fainali ya tarehe 1 Juni aliingia kipindi cha pili, akafunga tena. Nafasi iliyofunguliwa na kuumia kwa mwingine hufungwa na kupona kwake. Anayetakiwa kuwa mchezaji wa kuanza lazima atengenezwe kwa makusudi.

Wamarekani wanalijua sana jambo hili katika besiboli, mchezo ambao huku kwetu hatuuchezi. Timu hupokezana zamu 9. Mrushaji wa kuanza hurusha mpira zamu tano, sita au zaidi, na wapigaji wale wale humrudia mara mbili tatu. Mrushaji wa akiba mara nyingi hurusha zamu moja tu, kwa nguvu zake zote. Chris Sale wa Chicago White Sox alikuwa wa akiba mwaka 2010 na 2011. Mwaka 2012 walimwanzisha. Mwezi wa Mei, wakiuhofia mkono wake, walimrudisha akiba. Yeye hakukubali, akaomba aachwe aanze, na baada ya siku chache akarudishiwa kazi yake. Mwaka huo alishinda michezo 17.

Sitaki kuwadanganya kwa kutaja upande mmoja tu. Mwaka huo huo Neftali Feliz wa Texas Rangers alibadilishwa vivyo hivyo. Baada ya kuanza michezo 7 mkono wake ukaumia, akapasuliwa kiwiko. Kwa hiyo hofu si upuuzi. Lakini dawa ya hofu ni kumtayarisha mtu, si kumzomea.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mwalimu amchezeshe kipindi cha kwanza tu katika mechi mbili, kisha dakika sitini, kisha mchezo mzima. Na atangaze mapema, ili kijana akitolewa asione ameaibishwa. Pili, jioni afundishwe kupiga krosi kabla ya kumfikia beki, na kutulia mpira ukiwa mbali. Tatu, sisi watazamaji tumpe mechi tano kabla ya kufungua midomo. Nne, atayarishwe mwingine wa kuingia mwisho, kwani ukimtoa mtu akiba umeacha pengo huko nyuma. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtauliza, nawe yakuhusu nini? Yanihusu sana. Mimi ndiye niliyeingia badala yake Jumamosi ile, na lile bao moja ni langu. Wanaotaka arudishwe akiba ndio wanaotaka nafasi yake nipewe mimi. Naitaka nafasi hiyo, sitaficha. Lakini nilifunga dakika ya themanini, beki wao akiwa hoi, na aliyemchosha beki huyo ni mwenzangu. Nikianzishwa kesho kwa sababu ya dakika ishirini, keshokutwa nami nitashika magoti, na ninyi mtanizomea kama yeye.

Hapa kwetu tumekwisha kupoteza wengi bila kupenda. Tusijipunguze wenyewe kwa midomo.

Nimekwisha. Mwenye maoni mengine naye aandike.